Bastola ya Mzee Khalfan

Kawira alikubali kazi ya kumtunza mzee mmoja mtaa wa Muaither kwa sababu moja tu: aliambiwa mzee mwenyewe anaongea Kiswahili. Kwa miaka yote aliyokaa Doha alikuwa amewatunza wagonjwa kwa Kiingereza cha kuokoteza na Kiarabu cha jikoni, hajui kama akisema "inua mguu" mgonjwa anasikia hivyo au anasikia jambo jingine kabisa. Sasa angepata mtu wa kuzungumza naye. Akafunga sanduku lake, akawaaga wenzake aliokuwa akipanga nao nyuma ya maduka ya Al Sadd, akapakiwa garini hadi kwenye nyumba yenye ukuta mrefu wa rangi ya mchanga.

Habari ya bastola hakuna aliyemwambia.

Mzee Khalfan alizaliwa Unguja, akavuka kuja Ghuba akiwa kijana, akawa fundi wa mitambo ya kusukuma maji. Hapa alioa, hapa akapata uraia, hapa akazaa, na hapa akamzika mkewe. Watoto wake walikua na Kiarabu. Kiswahili chao kiliishia kwenye "njoo" na "kula". Alipopigwa na kiharusi, mkono wa kulia ulilegea, na Kiarabu nacho kikaanza kumponyoka ulimini, maneno ya utotoni yakirudi kuchukua nafasi. Shamsa, bintiye mkubwa aliyekuwa akiishi naye, mwalimu wa shule ya wasichana, akawa hamwelewi baba yake nusu ya siku. Jikoni alikuwepo Warda, mpishi kutoka Makunduchi, lakini Warda alishasema wazi kwamba hawezi kukaanga na kutafsiri kwa wakati mmoja.

Kawira, mtoto wa Nkubu huko Meru, aligundua mapema kwamba Kiswahili alichokifuata si kile alichokizoea. Mzee akimwambia, "Niletee bilauri," yeye alileta blanketi. Mzee akalitazama blanketi, akamtazama Kawira, akajifunika. Ni Warda aliyempasha baadaye kwamba bilauri ni glasi na kwamba mzee alikuwa na kiu.

Kwa hiyo asubuhi ile mzee aliposema, "Nitolee bibi kabatini," Kawira alisimama na kufikiri kwanza. Mke wa mzee alikuwa marehemu.

"Bibi gani, Babu?"

"Bibi. Yumo kisandukuni, chini ya mashuka. Mchukue taratibu."

Alifungua kabati, akatoa kisanduku cha mbao kizito kuliko alivyotarajia, akafunua kifuniko. Ndani, juu ya kitambaa chekundu, ililala bastola ndefu yenye mpini wa mbao na shaba iliyong'aa. Kawira alikifunga kisanduku, akakiweka chini kama mtu anayeweka yai, akarudi nyuma hadi mgongo ukagonga mlango. Kisha akakimbilia jikoni.

"Da Warda! Kuna bunduki kwa kabati!"

Warda alikuwa akichagua mchele. "Eee. Ya Babu."

"Ati 'eee'? Unajua na unachagua mchele?"

"Sasa nisichague? Hiyo imekaa humo tangu sijaja. Kamuulize Bi Shamsa."

Shamsa aliporudi kutoka shule alimketisha Kawira na kumweleza kwa Kiingereza, polepole, kama anavyowaeleza wanafunzi wake. Bastola ile si ya kale. Ni nakala, imetengenezwa Italia kwa kuiga zile za zamani, za kabla risasi za kisasa hazijavumbuliwa. Mhandisi mmoja wa Kitaliano, aliyefanya kazi na mzee kwenye mitambo ya maji, ndiye aliyempa zawadi walipoagana. Mzee alikuwa mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha, akiipiga huko siku za Ijumaa. Kibali kipo. Baruti na risasi zinakaa klabuni; nyumbani hakuna hata punje. Tangu augue hajaipiga tena, ila huifungua, kuisafisha na kuifunga, na aliyemnyoosha viungo hospitalini amesema kazi hiyo inafaa vidole vyake.

"Basi utamsaidia," Shamsa alimaliza.

"Madamu, mimi nilikuja kutunza mgonjwa."

"Na huko ndiko kumtunza, Kawira."

Jioni mama yake alipopiga simu kutoka Nkubu na kuuliza kazi mpya ikoje, Kawira alisema ni nzuri, mzee ni mpole. Hakusema zaidi. Hata angetaka kusema, hakujua aanzie wapi. Yeye ni mtu wa kanisa la Methodisti, aliyesomea kupima presha na kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya kulala. Sasa anaambiwa bastola ni sehemu ya dawa.

Akajifunza. Mzee alikaa kwenye kiti chake cha mikono pale majlisi, sebule ya wageni, gazeti limetandikwa mezani, naye Kawira kwenye kigoda mbele yake. Mkono wa kushoto wa mzee ulielekeza, mkono wa kulia ulijaribu, na pale uliposhindwa, mikono ya Kawira ilimalizia. Kwanza kabari, kile kipande bapa cha chuma kinachoshikilia mtutu. Kinagongwa kwa ubao mpaka kitoke upande wa pili. Halafu mtutu unavutwa. Halafu silinda yenye matundu sita inachomoka kwenye mhimili wake. Kanuni ya mzee ilikuwa moja na aliirudia kila mara: mdomo wa mtutu usimtazame mtu. Kawira aliishika kanuni hiyo kwa woga mwingi kuliko mzee alivyokusudia. Kila alipoigusa bastola aliielekeza chini, kwenye zulia, hata wakati wa kuipokea tu.

Siku ya kwanza ya kusafisha silinda walikaribia kugombana.

"Sasa zisugue chuchu," mzee alisema. "Zote sita."

Kawira aliacha kitambaa. "Babu, hiyo maneno si ya kuniambia mimi."

"Neno gani?"

"Hilo umesema."

Mzee alishangaa kweli. Aliichukua silinda kwa mkono wa kushoto na kumgeuzia upande wa nyuma, palipokuwa na vijiti sita vifupi vyenye vitundu katikati. Akaeleza: unatia baruti kwa mbele, unashindilia risasi ya duara, kisha nyuma, juu ya kila kijiti, unavika kikofia kidogo cha fataki; nyundo ikipiga fataki, cheche inapita kwenye kitundu na kuwasha baruti. "Na vijiti hivi huitwa chuchu. Sikuvipa jina mie."

Kawira alimwita Warda kuwa shahidi. Warda alikuja na mwiko mkononi, akatazama, akacheka hadi akakaa chini. "Na zinafanana, shoga," alisema. Mzee naye alicheka, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Kawira kumwona akicheka, upande mmoja wa mdomo ukipanda na mwingine ukibaki pale pale.

Jambo lililomtatiza zaidi lilikuwa maji. Alijua chuma na maji ni maadui. Lakini mzee aliagiza beseni la maji moto na sabuni ya vyombo, mtutu na silinda vikazama humo kama sufuria za jana. Alidai moshi wa baruti nyeusi huacha chumvi inayovuta unyevu na kula chuma, na kwamba mafuta peke yake hayaiondoi ila maji.

"Lakini haijapigwa tangu uugue, Babu. Chumvi gani hiyo?"

"Unaijua Doha mwezi wa Agosti? Hewa yenyewe ina chumvi."

Basi akaosha, akasuuza, akaanika vyuma juu ya ukuta wa uani, ambako jua liliyakausha maji kabla hajamaliza kukung'uta beseni. Mwishowe alipaka mafuta ya zeituni, Warda akinung'unika kuhusu chupa yake. Kazi ikawa sehemu ya juma, kama kufua. Hata alianza kuipenda bila kukiri: sauti ile ya nyundo ikivutwa nyuma, na silinda ikipiga hatua moja kutoka tundu hadi tundu.

Siku moja, baada ya sala ya alasiri, wakiwa wameshaifunga, mzee aliinyanyua, mdomo ukitazama dari, akavuta nyundo kwa kidole gumba cha kulia.

"Haizunguki," alisema.

"Nini, Babu?"

"Silinda. Nimevuta, haikuzunguka."

Kawira alidhani kidole hakikuivuta nyundo hadi mwisho. Aliipokea bastola, akaielekeza kwenye zulia kama kawaida yake, akavuta. Silinda ikapiga hatua, ikajifunga. Akairudisha nyundo polepole kwa kidole, kama alivyofundishwa, akavuta tena. Ikazunguka tena.

"Inazunguka, Babu. Tazama."

Mzee aliichukua, akaielekeza juu, akavuta. "Haizunguki."

Kawira akaichukua, akaielekeza chini, akavuta. "Inazunguka."

Waliendelea hivyo mpaka chai ikapoa. Kawira alisema kwa upole kwamba pengine mkono umechoka. Mzee alisema mkono umechoka ndiyo, lakini macho hayajachoka. "Nnakwambia nimeona, mwanangu." Kawira hakubishana. Aliwahi kuwatunza wazee waliomwona mjomba wao kwenye feni, na alifundishwa usibishane nao, uwapapase tu mkono. Akampapasa mkono. Mzee aliuondoa.

Kesho yake ilikuwa vile vile, na kesho kutwa. Shamsa akaitwa. Yeye aliishika bastola kwa vidole viwili, ameishusha mbali na kanzu yake, akavuta nyundo kwa shida. Silinda ikazunguka.

"Yuba," alisema, akimwita baba kama walivyozoea, "mbona inafanya kazi?"

Mzee alimtazama binti yake, kisha Kawira, kisha ile bastola. Kawira hakuwahi kuona mtu akihama ndani ya uso wake namna ile. Tangu siku hiyo mzee alianza kuuliza mambo ambayo hakuwa akiyauliza. "Leo ni Jumatatu, au najidanganya?" "Chai hii ina sukari, au ni ulimi wangu?" Na pia alianza kusema mengine: kwamba wakati akilala mchana mtu huingia na kusogeza kitanda chake karibu na dirisha. Kitanda kilikuwa pale pale.

Daktari alikuja. Alikuwa mtu mwema, hana haraka. Alimwomba mzee achore saa, ataje wanyama, arudie maneno. Mengine mzee aliyapata, mengine hakuyapata. Pale nje ya mlango Shamsa alimweleza habari ya kitanda na ya silinda. Daktari alisema kiharusi kinaweza kumfanya mtu aone kitu ambacho hakipo na akashikilia. Kuhusu bastola, alisema, hata isiyo na baruti, si kitu cha kuwa mikononi mwa mtu ambaye akili yake inayumba.

Shamsa alikubali. Jumapili angeipeleka bastola klabuni, wakae nayo wao.

Kawira alipoambiwa, moyo wake ulipata nafuu, na mara ile ile ukazidi kutatizika. Alikuwa ameomba siku nyingi kitu hicho kiondoke chumbani. Sasa kinaondoka, na yeye anajihisi kama anayeshuhudia mtu akipokonywa fimbo yake ya kutembelea. Alimuuliza Warda, "Da Warda, wewe unaonaje? Mzee amechanganyikiwa kweli?"

"Jana kaniambia nimepunguza iliki kwenye pilau."

"Na ulipunguza?"

"Iliisha. Nikatia kidogo."

"Kwa hivyo alikuwa sawa."

"Jana hiyo hiyo kaniita kwa jina la dada yake," Warda alisema. "Sijui, shoga. Mimi napika tu."

Jumamosi mzee aliomba jambo moja. "Muoshe bibi kabla hajenda. Asiende mchafu kwa watu." Hakutaka hata kushika, alikaa chumbani, uso umeelekea ukutani. Kawira akafanya peke yake, uani, kwa mpango ule ule: kabari, mtutu, silinda, beseni, jua, mafuta. Akaifunga yote. Ndipo alipoona tone la maji limejificha nyuma ya silinda, kwenye mojawapo ya zile chuchu. Uani hapakuwa na mtu. Akaielekeza bastola juu, mbinguni, ili tone lidondoke, akavuta nyundo asogeze silinda tundu moja.

Nyundo ilirudi nyuma. Silinda ilibaki pale pale.

Alivuta tena. Ikabaki pale pale.

Kawira alisimama na jua la Doha kichwani na akahisi baridi. Aliishusha, mdomo chini, akavuta: ikazunguka. Akaiinua: haikuzunguka. Akaishusha: ikazunguka. Akaweka bastola mezani na kuitazama kama mtu anayetazama kuku aliyezungumza. Wazo la kwanza lililomjia, alisema baadaye, lilikuwa kwamba ugonjwa wa mzee umemwambukiza.

"Da Warda! Njoo uvute hii kitu!"

Warda alikuja akijifuta mikono, akaishika kwa hofu, mdomo chini, akavuta. Ikazunguka.

"Sasa?" Warda aliuliza.

"Si hivyo. Juu. Elekeza juu."

"Kwani ndege wamekukosea nini?"

"Da Warda, tafadhali."

Warda akainua, akavuta. Hakuna. Akavuta tena. Wanawake wawili walitazamana. "Basi hii ina jini," Warda alisema, akairudisha upesi na kuingia ndani.

Kawira hakujua bastola ina nini. Ila alijua jambo moja, na jambo hilo lilimfanya aingie chumbani na viatu vya uani miguuni. Mzee alikuwa bado ameelekea ukutani.

"Babu. Haizunguki."

Mzee alivuta shuka hadi begani.

"Babu, nimeona na macho yangu. Haizunguki."

Mzee aligeuka polepole. Macho yake yalimpima. "Usinichezee, mwanangu. Mie mtu mzima."

"Aki sikuchezei. Ukielekeza chini inazunguka. Ukielekeza juu inakataa. Sisi sote tulikuwa tunaelekeza chini. Wewe peke yako ulikuwa unaelekeza juu."

"Lazima uelekeze juu," mzee alisema, kama anayejibu swali dogo. "Fataki ikishapasuka, vipande vyake vinadondoka nje. Ukielekeza chini vinaingia ndani ya mtambo, vinakwama. Yule Mtaliano ndivyo alivyonifunza." Kawira aliona maneno hayo yakimfikia mzee mwenyewe, moja moja. Mzee akajaribu kukaa, Kawira akamsaidia. "Rudia. Chini inafanyaje?"

"Inazunguka."

"Juu?"

"Inakataa."

"Basi kidole kinalala," mzee alisema. Alitumia sauti ambayo Kawira hakuwahi kuisikia, sauti ya mtu aliyekuwa akiitwa usiku na mchana kwenda kutazama pampu. "Ndani mna kidole cha chuma, kimeshikana na nyundo. Ndicho kinachoisukuma silinda. Kina springi nyuma yake ya kukiegemeza mbele. Springi ikikatika, kidole hakina wa kukiegemeza. Ukiinamisha, kinaangukia mbele kwa uzito wake, kinasukuma. Ukiinua, kinaangukia nyuma, kinakaa. Lete bisibisi."

Hapo hawakuwahi kufika. Hadi siku hiyo walikuwa wakitoa kabari, mtutu na silinda tu. Sasa walifungua mpini, skrubu moja baada ya nyingine, Kawira akizipanga kwenye sahani ya chai ili zisipotee, na mzee akisema "hiyo siyo" na "hiyo hiyo" na mara mbili akisahau ipi ni ipi, wakarudi nyuma. Nyundo ilipotoka, kidole kilikuja nayo, kikining'inia kama jino la mtoto. Na ndani, kwenye mafuta meusi yaliyoganda, Kawira alinasa kwa ncha ya kitambaa kipande cha chuma chembamba, kirefu kama punje ya mpunga.

Alikiweka kiganjani mwa mzee. Mzee alikifumba. Alikaa na ngumi imefungwa muda mrefu, na Kawira hakujua kama analia au anashukuru au yote, kwa hiyo akajifanya anatafuta kitu chini ya meza.

"Watu wa klabu wana springi mpya?" aliuliza kutoka huko chini.

"Huagiza Italia. Lakini hata kwenye pampu hatukungoja Italia." Mzee alimtazama kichwani. "Hicho ulichobania nywele, ni chuma?"

Kawira alichomoa kibanio chake cheusi, kile chembamba kinachouzwa kikiwa kimechomekwa kwenye kadi huko Al Sadd. Mzee alikipinda, kikarudi. Akakipinda tena, kikarudi. "Kina moyo," alisema.

Walikata kwa koleo la Warda la kuvunjia magando ya kaa. Kipande cha kwanza walikiacha kirefu, nyundo ikakwama hata haikurudi nyuma. Cha pili kilikuwa kifupi, kikaruka kusikojulikana na hakijaonekana mpaka leo. Cha tatu walikikunja kidogo kwenye ncha, Kawira akakishindilia kwenye mwanya wa kidole kwa kugonga na mpini wa bisibisi, mkono wa kulia wa mzee ukishikilia. Wakaifunga yote. Skrubu moja ikabaki sahanini. Wakaifungua tena, wakaifunga.

Mzee aliielekeza bastola darini. Akavuta. Silinda ikapiga hatua, ikajifunga. Akairudisha nyundo, akavuta, na tena, hadi matundu yote sita yakapita.

Shamsa aliporudi kutoka sokoni alikuta nywele za Kawira zimefumuka, baba yake ana mafuta hadi kwenye kanzu, na wote wawili wanaongea kwa pamoja. Ilimchukua muda kuelewa. Kawira alimwonyesha kile kipande kilichokatika, akaeleza juu na chini kwa Kiingereza, kisha kwa mikono. Shamsa alikaa kwenye mkeka. Alikishika kipande kile, akasema kwa Kiarabu jambo ambalo Kawira hakulielewa, akaubusu mkono wa baba yake, ule uliolegea.

Kisha, kama mwalimu anayetaka kumaliza somo, alimuuliza baba yake kwa Kiarabu chepesi, polepole, "Na yule mtu anayesogeza kitanda, Yuba?"

Kawira akatafsiri, akiomba moyoni mzee acheke na aseme hakuna mtu.

"Huja," mzee alisema. "Jana pia kaja."

Kawira alilitafsiri na hilo, kisha yeye na Shamsa wakatazamana juu ya kichwa cha mzee.

Bastola haikwenda klabuni Jumapili hiyo. Ilibaki kisandukuni na waliendelea kuiosha. Daktari aliposikia kisa chote alicheka kwa furaha, akasema amejifunza jambo, na akaongeza kwamba lile la kitanda bado linampa wasiwasi. Na Kawira aliona daktari ana haki katika yote mawili. Hilo ndilo lililomsumbua. Ingekuwa rahisi kama mzee angekuwa mzima, au kama angekuwa mgonjwa. Lakini alikuwa yote mawili, na hakuna alama usoni ya kukuonyesha sasa ni zamu ya nani kuzungumza.

Miezi ilipita, joto likapungua, watu wakaanza tena kutembea jioni. Asubuhi moja Kawira alitoa kisanduku kama kawaida, akakiweka mezani, akatandika gazeti. Mzee aliitazama bastola muda mrefu.

"Hii ya nani?"

"Yako, Babu."

"Mie? Mie silaha ya nini?" Hakuwa na hasira, alikuwa na adabu ya mgeni anayeonyeshwa kitu cha wenyeji. "Mrudishie mwenyewe, mwanangu. Asije akaitafuta."

Kawira alikaa na kitambaa mkononi. Angeweza kumkumbusha Mtaliano, na springi, na siku ile ya jua. Hakujua kama huko kungekuwa kumsaidia au kumbishia. Mwishowe alisema, "Sawa, Babu, nitamrudishia," akaenda nayo uani, akaiosha peke yake, akaikausha, akaipaka mafuta. Alipomwambia Shamsa, Shamsa alisema aendelee tu kuiosha. Baadhi ya siku mzee huikumbuka, hukaa kwenye kiti chake na kuuliza mbona zile chuchu hazijasuguliwa. Siku nyingine hata jina la Kawira humpotea, naye huwa "binti wa watu".

Tangu yale yatokee, Kawira ameacha kumpapasa mkono. Mzee akisema kitu, yeye huinuka na kwenda kutazama. Alisema friji inanguruma vibaya, Kawira akaenda kusikiliza. Kumbe ni kweli, fundi akaitwa. Alisema kuna ng'ombe kwenye ngazi, Kawira akaenda kutazama ngazi. Wenzake wa kanisani humwambia anajichosha, kwamba mambo mengine unayajua tu ni ya uongo. Yeye huwajibu kwamba hata yeye alijua silinda inazunguka.

Juzi, wakati wa chai ya adhuhuri, mzee aliweka kikombe chini na kugeuza sikio.

"Kuna mtu anabisha hodi nje."

Kawira hakusikia kitu ila mashine ya ubaridi. Alivaa kandambili, akavuka ua, akafungua geti. Barabara ilikuwa nyeupe na tupu hadi kwenye msikiti. Hakuna mtu, hakuna gari, hata paka hayupo. Alitazama kulia. Alitazama kushoto. Alitoka hadi pembe ya ukuta na kuchungulia upande wa pili, kisha akafunga geti na kurudi.

"Nimetazama, Babu. Hakuna mtu."

"Umetazama vizuri?"

"Mpaka kwenye pembe."

"Basi," mzee alisema, na akanyoosha mkono wa kulia kuchukua kikombe chake.